Kiwanja cha gofu cha Kigoma na lile faili ambalo hamna anayetaka kuliandika

Watu wakisikia nadizaini viwanja vya gofu swali la kwanza huwa lile lile, gofu gani wewe, fimbo unayo? Sina. Na kiwanja cha kwenda kuchezea hapa Kigoma sina, gofu kwa nchi hii utaisikia Dar pale Gymkhana na Lugalo, utaisikia Arusha, Moshi, Morogoro, sisi wa huku mwisho wa reli tunaiona kwenye TV ya jirani. Ila laptopu ninayo, ya zamani, na gemu ninayo ya zamani vile vile, Links 2003, inakuja na programu ya kuchorea viwanja iliyopewa jina la Arnold Palmer, bingwa wa gofu wa Marekani, basi nikishafunga steshenari jioni (mchana nachapa barua za watu na kupiga picha za pasipoti pale Mwanga) nakaa na kipanya changu nachimba bunka (yale mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji), napandisha kilima huku nashusha korongo kule, napanda miti, mpaka umeme ukatike au usingizi unishinde.

Mambo ya kuchora tutaongea siku nyingine. Leo nataka kuongelea lile faili dogo linaloenda pamoja na kiwanja ukishakifunga kwenye zipu ukawapa watu, faili la maelezo, ambalo kila mdizaini analiandika dakika ya mwisho macho yameshakuwa mekundu, mistari mitano, asanteni furahieni, basi. Mi nimefika mahali naamini hilo faili ni sehemu ya kiwanja kama greeni (zile nyasi fupi kabisa zenye kishimo cha kutia mpira) ilivyo sehemu ya kiwanja, tena ukilianza mapema linakusaidia kuchora. Najua hapo kuna watakaobisha, ngoja nieleze.

Kwanza angalia hii gemu yenyewe. Walioitengeneza ni Access Software wa Salt Lake City kule Marekani, Links ya kwanza ilitoka 1990, ikaja Links 386 Pro 1992 watu wakashangaa picha zake, Microsoft wakainunua kampuni 1999, hiyo 2003 ikatoka mwaka 2002, halafu studio ikauzwa tena 2004, ikabadilishwa jina, na 2006 ikafungwa kabisa. Palmer mwenyewe alifariki 2016. Kwa hiyo leo hamna ofisi ya kupiga simu, hamna wa kumuuliza kwa nini kiwanja hakifunguki. Kilichobaki ni viwanja ambavyo watu wa kawaida walivichora majumbani kwao wakavigawa, na ndani ya kila zipu kuna kale kafaili ka maandishi matupu ambako hata kompyuta ya leo inakafungua kwenye Notipadi bila shida yoyote. Mengi ya mafaili ya picha na vikorombwezo vya enzi zile hayafunguki tena kirahisi, lakini maandishi yapo tu. Ndio maana mi siandiki maelezo kwenye PDF yenye maua, naandika maandishi matupu, megabaiti haifiki hata moja, mtu mwenye bando la jero anashusha.

Sasa tatizo ni kinachoandikwa humo. Nimeyasoma mengi, na mengi yanaanza na majigambo: hiki ni kiwanja changu bora, nimetumia muda mrefu sana, utafurahia mandhari. Kazi ya steshenari imenifundisha kitu kimoja kuhusu wasomaji, mtu anasoma mstari wa kwanza, anaruka mpaka chini kuangalia sahihi, katikati anapita kama basi la usiku. Hivyo mistari ya juu mi siitumii kujisifu. Juu kabisa naweka jina la kiwanja (changu kinaitwa Michikichini), toleo la ngapi, tarehe, kinatumia gemu gani, folda gani unakibandika, na kama kinahitaji vitu vya ziada ambavyo usipokuwa navyo miti itaonekana kama vibao vyeupe. Hayo ndio mtu anayoyahitaji kabla hata hajacheza, na akiyakosa hapo hasogei hatua inayofuata, anafuta anaenda kushusha kiwanja kingine cha Florida.

Utamu uko kwenye maelezo ya shimo moja moja, na shimo kwenye gofu ni njia nzima, kuanzia unapopiga mkwaju wa kwanza mpaka unapotia mpira.

Gofu halisi ina watu wanaoitwa makedi, anakubebea begi lakini kazi yake kubwa ni kukwambia kile usichokiona, kwamba hapa panadanganya, pale upepo unazunguka. Kwenye kompyuta kedi huna. Unaona skrini tu, na skrini inaficha mambo mengi kuliko macho yanavyoficha, hasa mteremko. Hata wakubwa walihitaji kuandikiwa. Mwaka 1961 Jack Nicklaus alienda Pebble Beach kwenye mashindano ya ridhaa ya Marekani, mchezaji mwenzake Deane Beman akamshauri apime umbali kwa hatua na kuuandika badala ya kukadiria kwa jicho, Nicklaus akafanya hivyo, akashinda, na tangu hapo hakuacha kutembea na karatasi ya vipimo. Siku hizi mchezaji wa kulipwa bila kijitabu cha umbali mfukoni utadhani kasahau viatu. Kama Nicklaus alikuwa anataka karatasi, sembuse kijana wa Ujiji anayecheza na kipanya kilichochoka.

Shimo langu la 4 linaanzia mlimani kwenye tii (pale unapopigia mkwaju wa kwanza), linashuka na feawei (njia ya nyasi zilizokatwa) kuelekea ziwani, yadi 412, kama mita 377 hivi, mikwaju inayotegemewa minne, yaani paa 4. Rasimu ya kwanza ya maelezo yake ilisomeka hivi: "Shimo zuri lenye mandhari ya kuvutia ya Ziwa Tanganyika. Kuwa makini na bunka." Hiyo ni sentensi ya kipeperushi cha hoteli, haimsaidii mtu kitu, bunka anaiona, ziwa analiona. Sasa hivi inasomeka hivi: "Ukiwa kwenye tii greeni huioni. Unaona mchikichi mmoja mrefu, lenga kushoto kwake. Kulia utaona feawei pana inakuita, usiende, ardhi ya pale inamwaga kuelekea korongoni na mpira hautulii. Ukibakiza yadi 150 piga kama 135 maana unashuka. Bunka ya mbele inaonekana imegusana na greeni, haijagusana, katikati kuna hatua kama ishirini za nyasi fupi, mpira ukitua hapo unajiviringisha wenyewe." Ona tofauti. Ya pili imeandikwa na mtu aliyesimama pale, hata kama pale penyewe ni ndani ya laptopu.

Na hapa ndio hoja yangu ya msingi ilipo. Ukikaa kuandika namna hiyo kuna mashimo kalamu inakwenda yenyewe na kuna mashimo unakaa unaangalia ukuta. La 7 lilikuwa hivyo. Yadi 380, limenyooka, bunka kushoto, bunka kulia, greeni ya duara. Nikaandika urefu, nikaandika bunka mbili, nikakwama, hamna kingine cha kumwambia mtu kwa sababu hamna uamuzi wowote anaotakiwa kuufanya pale, anapiga moja kwa moja, anapiga tena, anatia. Ukikosa cha kuandika usihangaike kutafuta maneno, rudi kwenye ramani. Nikaisogeza greeni nyuma ya kichuguu (vichuguu vikubwa vya mchwa huku kwetu viko kila mahali, utavikuta kando ya njia ya treni mpaka Tabora), bunka ya kulia nikaifuta, sasa ukipita kulia njia ni salama ila greeni inakuwa imejificha, ukipita kushoto karibu na bunka unaiona yote. Maelezo yakaja yenyewe, mistari minne. Siku hizi sisubiri, naandika sentensi ya shimo kwanza ndio nachora.

Mashimo ya ufukweni, la 10 mpaka la 14, ndio yaliyonilazimisha niandike sana. Yanaelekea kusini yote. Kwa mtu wa hapa hilo linatosha, ziwa liko magharibi, ukielekea kusini maji yako mkono wa kulia. Ila mtu wa Kanada hajui kaskazini iko wapi kwenye skrini yake. Halafu kuna upepo, kiangazi kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hivi ziwa linapigwa na upepo wa kusini mashariki, wavuvi wanaujua vizuri sana kuliko mimi. Jumlisha sasa: unatazama kusini, upepo unakujia usoni kutokea kushoto, unausukuma mpira kulia kwenye maji, na wachezaji wengi wa mkono wa kulia ambao bado wanajifunza ugonjwa wao ni huo huo, mpira kukata kulia. Mashimo matano mfululizo ya mateso! Na ukiweka setingi ya upepo wa bahati nasibu yote hayo yanapotea, linakuwa ni ufuo mzuri tu. Hivyo nimeandika kabisa, cheza na upepo wa kusini mashariki, wa wastani, ukitaka kuona nilichokusudia, ukitaka raha zima upepo, sitajua.

Kuna jambo la maji pia. Ufukwe niliochora ni wa kabla ziwa halijapanda. Mnakumbuka 2020 na 2021 maji yalivyokula fukwe, nyumba zikaingiliwa, miti ikasimama ndani ya maji. Ukija leo na kiwanja changu mkononi ukasimama Katonga utasema jamaa kachora uongo. Sijachora uongo, nimechora mchanga niliocheza utotoni, na maelezo yanasema hivyo kwa mstari mmoja, ufukwe huu ni wa kabla ya mafuriko. Mstari mmoja tu lakini unamaliza ubishi wote.

Hapo hapo ufukweni kuna kisa cha dagaa. Shimo la 12 linapita pembeni ya sehemu nilipoweka dagaa zilizoanikwa, nimezitengeneza kwa picha nilizopiga Kibirizi, zinang'aa vizuri kama bati. Nilipokuwa napiga zile picha mama mmoja mwenye dagaa zake akaniuliza, "Mwanangu, hizo picha za nini?" Nikamwambia shikamoo mama, nachora kiwanja cha mchezo, wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, na dagaa zako zitakuwepo. Akaitika, akafikiri kidogo, akaendelea kuzigeuza. Halafu akasema, "Na huo mpira ukizidondokea dagaa zangu?" Nikamwambia ni za kwenye kompyuta mama. "Hata kama. Ukizidondokea anazilipa nani?"

Swali la maana kabisa, kwa sababu gemu yenyewe haina jibu. Programu inajua nyasi, mchanga, maji na vitu vya aina hiyo, haijui dagaa, nikipachora kama mchanga itapahesabu bunka, nikipachora kama ardhi ngumu mpira unadunda tu. Lakini gofu ina utaratibu wake kwa mambo kama haya, kila kiwanja kinaruhusiwa kuwa na kanuni zake za nyumbani ambazo zinachapwa nyuma ya kadi ya matokeo. Jinja pale Uganda wanajulikana kwa kanuni ya kiboko, mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko unautoa bure. Na Richmond, London, mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yanadondoka, klabu ikatoa kanuni za muda, mpira uliosogezwa na adui unaurudisha mahali pake bila adhabu, lakini ukikosea kupiga kwa sababu bomu limelipuka wakati unapiga, unaweza kurudia ila unahesabiwa mkwaju mmoja. Waingereza hao.

Basi nikaandika ya kwetu: mpira uliotua kwenye dagaa zilizoanikwa hauchezwi pale pale, unachukuliwa na kuwekwa nyuma kwa urefu wa fimbo mbili, bila adhabu kwa mara ya kwanza, mara ya pili kwenye raundi hiyo hiyo unajiongezea mkwaju mmoja, ndio malipo ya mama. Gemu haiwezi kukulazimisha, unajihesabia mwenyewe kwa uaminifu. Sijui ni wangapi wanajihesabia kweli, ila ndio sehemu ya maelezo inayotajwa kuliko zote, watu ambao Kigoma hawawezi kuionyesha kwenye ramani wanauliza dagaa ni nini na wanaanikwa usiku au mchana. (Mchana. Usiku ndio wanavuliwa, kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika maana taa haivuti kitu. Hilo nalo nimeliweka, halina kazi yoyote kwenye mchezo, nimelipenda tu.)

Kwenye kanuni kuna kitu kingine cha kuangalia, gemu ni ya 2002 na kanuni za gofu zilifanyiwa ukarabati mkubwa 2019. Skrini itakuonyesha mambo ya zamani. Naandika kwa kifupi kwamba upande wote wa ziwa uhesabiwe eneo la adhabu la vijiti vyekundu, yaani unaongeza mkwaju mmoja na unaweza kudondosha mpira ndani ya fimbo mbili kutoka pale ulipovukia, sio lazima urudi nyuma mpaka kwenye tii na kulia.

Namba sasa. Urefu naweka kwa yadi na kwa mita, yadi kwa sababu ndio lugha ya gofu, mita kwa sababu dogo wa sekondari hapa ukimwambia yadi anafikiria kitambaa. Spidi ya greeni naitaja, hii ni ile inayopimwa kwa kifaa alichokibuni Edward Stimpson 1935, kijimfereji unakiinamisha mpira unajiviringisha unapima umefika futi ngapi, mi nashauri kama 8, majani ya pwani ya ziwa kiangazi hayawezi kukimbia kama ya mashindano ya Marekani, ukiweka 12 utakuwa unacheza kwenye vigae. Lakini ile namba ya ugumu wa kiwanja, ile ya kati ya 55 na 155 ambapo 113 ndio kawaida, siiweki ng'o. Kwenye viwanja vya kweli kuna timu inakuja kupima kwa utaratibu wake ndio inatoa namba. Sisi wa kwenye kompyuta mtu anaamka tu anaandika 148 ili aonekane kiwanja chake kigumu, kama vile mtu kujiandikia daraja la kwanza kwenye CV, na hao nawachapia kila siku nawajua. Andika kwa maneno, shimo gani linaumiza na kwa nini, inatosha.

Shukrani ndio sehemu ambayo watu wanairuka na mi inanikera. Hakuna anayechora kiwanja peke yake, nyasi umechukua za mtu, jiwe la mtu, sauti ya ndege ya mtu. Miti ya mnazi nilikuta mingi, ya watu wa Florida na Hawaii, lakini mchikichi sio mnazi, shina lake lina magamba ya makuti yaliyokatwa, kichwa kimejaa, na Kigoma bila michikichi itakuwa mahali pengine tu. Nikapiga picha Ujiji, jamaa mmoja wa nje ambaye anajua kusafisha picha akanikatia pembeni zikakaa sawa, hakudai hata senti. Jina analotumia mtandaoni liko kwenye faili, juu ya la kwangu. Na chini nimeandika michikichi hii chukueni, tumieni, msiuze, na mkitumia semeni imetoka Ujiji. Tayari nimeiona kwenye kiwanja cha mtu cha pwani ya Brazili, inapendeza kishenzi.

Lugha ilinisumbua kichwa kidogo. Nikiandika Kiingereza peke yake vijana wa hapa wanaona sio chao, nikiandika Kiswahili peke yake nimewafungia nje wachezaji karibu wote. Nimeweka vyote viwili kwenye faili moja, Kiswahili juu. Kuna mtu kaniambia nibadilishe, Kiingereza kiwe juu kwa sababu wengi ni wageni, nikamjibu ashuke na kipanya, sio mbali. Ila sikutafsiri neno kwa neno, Kiswahili kina maelezo ya gofu mengi zaidi kwa sababu msomaji wake hajui bunka ni nini, na Kiingereza kina maelezo ya Kigoma mengi zaidi kwa sababu msomaji wake anajua bunka ila hajui mgebuka, samaki wetu wa ziwani.

Kijana mmoja wa Tabora ambaye naye ameanza kuchora ameniomba faili langu alitumie kama mfano, kiwanja chake anakipitisha katikati ya miembe ya zile barabara za mjini, wazo zuri sana, japo nimemwambia Tabora iko juu, kama mita 1,200, hewa nyepesi, mpira wa kweli ungeruka mbali zaidi kuliko Dar, na kama gemu yake haina setingi ya mwinuko basi aseme kwenye maelezo kama umbali ameuacha ulivyo au ameurefusha. Na miembe aseme ina maembe au haina, maana mwezi wa kumi na mbili swali la mpira uliopotelea kwenye maembe yaliyoanguka litakuja tu, aandike kanuni mapema.

Michikichini toleo la pili liko njiani. Mabadiliko naandika juu kabisa chini ya tarehe ili aliye na toleo la kwanza ajue kama kuna haja ya kutumia bando lake. Mpaka sasa ni mawili: ile sauti ya honi ya treni shimo la 18 nimeipunguza, na pini ya tatu (mojawapo ya sehemu za kuwekea kishimo na bendera kwenye greeni) shimo la 12 inaondoka, washkaji wamelalamika inawapeleka kwenye dagaa kila raundi.